Mguu umevimba, jamaa inatumwa kutafuta skaneri

GOMA, Kivu ya Kaskazini. Mama mmoja wa miaka 26, mkimbizi wa ndani kutoka Masisi, alijifungua kwa kupasuliwa katika hospitali moja ya hapa mjini. Siku ya tisa, akiwa amekwisha kurudi kwa jamaa iliyompokea, mguu wa kushoto ulianza kumuuma upande wa paja. Kufikia jioni ulikuwa umevimba toka kwenye kinena mpaka kwenye vidole, wa moto, mzito kama gogo. Wakamrudisha hospitali. Daktari alitazama, akachukua kalamu, akaandika: skaneri ya mguu. Hakuandika kitu kingine. Jamaa ikaambiwa kwamba mashine haiko pale, iko kwingine, na kule wanalipisha kwanza kabla mgonjwa hajapanda mezani.

Kutafuta pesa kulichukua siku tatu. Shemeji yake aliuza mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya siku ya kurudi kijijini. Kanisa lilipitisha kikapu. Shangazi aliyeko Bukavu alituma kidogo kwa simu, na wakala aliyewatolea pesa hiyo akakata sehemu yake, kama ilivyokuwa desturi tangu banki zilipofungwa mjini Goma mwanzoni mwa 2025. Wakati huo wote mgonjwa alikuwa amelala chini kwenye godoro. Jirani, kwa huruma, alimkanda mguu kwa maji ya moto na chumvi asubuhi na jioni. Mzee mmoja alisema ni karuho, atafutwe wa kumtapisha. Siku ya nne skaneri ikafanywa, na picha zikatoka nzuri sana, zikatiwa ndani ya bahasha kubwa. Zilionyesha donge la damu ndani ya mshipa mkubwa, toka kwenye paja hadi juu ya kinena. Daktari akaandika dawa: heparini, sindano mara mbili kwa siku.

Pesa ya heparini haikuwako. Ilikuwa imekwisha kwenye skaneri.

Sindano ya kwanza aliipata siku ya sita tangu siku ile ya kurudi hospitali, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekwisha kuanza kukohoa na kuhema kama mtu aliyepanda mlima. Yuko hai. Jina lake halitajwi hapa, na la hospitali vilevile, kwani jambo hili si la hospitali moja. Jamaa nyingi za wahami wa vita, zikisoma habari hii, zitafikiri ni yao.

Ndiyo sababu inafaa kusemwa wazi, hata kama itawachukiza wakubwa wa koti jeupe: mtu aliyevimba mguu namna ile hakuhitaji skaneri ya mguu ili aanze kutunzwa. Alihitaji mita ya fundi cherehani, ekografi ya dakika chache, na sindano siku ileile. Skaneri si adui wa mtu. Kosa ni kuifanya kuwa mlango ambao maskini lazima aupite kwanza, akilipa, kabla hajaguswa na dawa.

Ugonjwa wenyewe unajulikana kwetu kwa jina la Kifaransa, flebiti. Damu inaganda ndani ya mishipa ya ndani kabisa ya mguu, ile inayorudisha damu moyoni, na si mishipa inayoonekana juu ya ngozi. Mguu unavimba kwa sababu damu imekosa njia ya kupanda. Lakini mguu siyo unaoua. Kinachoua ni kipande cha donge kinapokatika, kinapanda na damu mpaka moyoni, halafu kinakwama kwenye mapafu. Hapo mtu anaweza kuanguka akielekea chooni na asiamke, na matanga yakamalizika kila mmoja akisema lake: amelogwa, amelishwa, moyo umesimama.

Mjerumani Rudolf Virchow, karne ya 19, alifundisha kwamba damu inaganda ndani ya mshipa kwa sababu tatu: ikikosa kutembea vizuri, mshipa ukiumizwa, au damu yenyewe ikiwa na tabia ya kuganda upesi. Mtu akitazama maisha ya mkimbizi wa ndani, sababu zote tatu anazikuta zimekaa pamoja. Mwenye risasi ya paja analala wiki nyingi mguu umefungwa, hageuki. Mwanamke mwenye mimba ana damu inayoganda upesi kwa maumbile, ili asimwage damu nyingi siku ya kuzaa, na hatari hiyo haiishi mtoto akitoka. Inakuwa kubwa zaidi katika wiki 6 baada ya kuzaa, na kupasuliwa kunaiongeza. Mwenye kifua kikuu, mwenye kansa, mwenye vidonda vyenye usaha, hao nao wako karibu. Kuna pia safari. Utafiti uliofanywa chini ya Shirika la Afya Duniani na kutangazwa mwaka 2007 ulisema kukaa bila kusogea safarini kwa saa 4 au zaidi kunaongeza hatari karibu mara mbili. Walikuwa wanafikiria hasa viti vya ndege. Aliyebanwa juu ya lori, magunia mbele na nyuma, siku nzima bila kunyoosha goti wala kunywa maji, hakuna aliyekwenda kumpima.

Na mwezi wa Februari 2025, kambi za Bulengo na Lushagala zilipobomolewa na watu wakaambiwa warudi walikotoka, akina mama wenye siku chache tangu wazae walitembea au walipakiwa, na waliokuwa na miguu iliyofungwa plasta walibebwa migongoni. Mambo hayo hakuna aliyeyaandika kwenye daftari la ugonjwa.

Sasa, ekografi. Ni mashine ileile ambayo mama anawekewa tumboni ili aone kama mtoto anacheza. Inatumia sauti isiyosikika na masikio, haina mionzi, na kuna ndogo zinazobebeka mkononi. Kutafuta donge la mguu nayo ni kazi ambayo hata asiyesoma anaweza kueleweshwa. Mshipa mzima wa kurudisha damu ni laini kama mfuko mtupu. Ukiubonyeza, kuta zake mbili zinagusana na tundu linapotea kwenye picha. Mshipa wenye donge ndani haubonyeki. Unabonyeza kwenye kinena, unabonyeza nyuma ya goti, unatazama. Kama haubonyeki, umepata jibu. Hakuna dawa ya rangi ya kuingiza kwenye damu, hakuna haja ya kumhamisha mgonjwa kwa pikipiki juu ya mawe ya volkano kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine.

Wenye kubisha watasema hiyo ni matunzo ya maskini, kwamba Ulaya wanafanya skaneri. Si kweli. Ulaya na Marekani, mguu ukivimba, wanaanza na ekografi. Tena ulinganisho ulikwisha fanywa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa PIOPED II, wagonjwa 711 walipimwa mishipa ya miguu kwa njia zote mbili, skaneri na ekografi ya kubonyeza, na majibu yakalingana kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Yalitangazwa mwaka 2007. Walioandika walisema wenyewe kwamba njia hizo mbili zina nguvu sawa katika kutambua ugonjwa. Mwaka 2008, Waitalia nao walitangaza kazi iliyofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 2000: kubonyeza sehemu mbili tu za mguu, kinena na nyuma ya goti, pamoja na kipimo kimoja cha damu, na kurudia ekografi baada ya wiki kwa wale waliohitaji, kulilinda watu sawa na kupima mguu mzima kwa mashine ya gharama yenye rangi.

Basi mtu anayemwambia mama wa Masisi alete pesa ya skaneri ya mguu, hamtunzi vizuri zaidi kuliko mwenye kumbonyeza kwa ekografi. Anamtunza kwa bei ya juu zaidi na kwa kuchelewa.

Mwaka 1960, mwaka uleule Kongo ilipopata uhuru, madaktari wawili wa Uingereza, Barritt na Jordan, walitangaza katika jarida la The Lancet kazi waliyoifanya mjini Bristol. Walichukua wagonjwa ambao donge lilikuwa limekwisha fika mapafuni. Waliwatambua kwa kuwachunguza na kwa vipimo vya kawaida vya wakati ule. Wagonjwa 16 walipewa dawa za kuzuia damu isigande, heparini ikiwa ya kwanza, 19 hawakupewa. Katika wale 19, watano walikufa kwa donge la mapafu. Katika wale 16, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa donge. Madaktari wale hawakuthubutu kuendelea kuwanyima watu dawa. Na skaneri? Mtu wa kwanza kupigwa picha ya skaneri alipigwa mwaka 1971, jijini London, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Miaka 11 baadaye. Yaani heparini ilikuwa inaokoa watu kabla skaneri haijazaliwa, na leo, mjini Goma, mtu ananyimwa heparini kwa kuwa skaneri haijafanyika. (Hounsfield alishirikiana tuzo ya Nobel ya 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuitafuta hesabu ya mashine hiyo akiwa Cape Town. Skaneri, basi, ina mzizi mmoja Afrika, na hakuna anayeitukana hapa.)

Kwani ina kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa. Donge likishukiwa kuwa limefika mapafuni, mgonjwa anahema, kifua kinamchoma, anatema damu, skaneri ya kifua yenye dawa ya rangi ndiyo inayoona vizuri. Pale ndipo jamaa ikiweza iende. Ekografi pia haioni vizuri mishipa iliyojificha ndani ya nyonga na tumbo, nyuma ya matumbo na hewa; mtu akivimba mguu mzima na ekografi ya kinena ikaonekana safi, skaneri inaweza kuingia huko. Ili kuona mishipa hiyo, dawa ya rangi inaingizwa mkononi, wanangoja kama dakika tatu mpaka izunguke irudi kwenye mishipa ya miguu, halafu wanapiga picha. Ni kazi nzuri ikifanywa na mwenye kuijua. Ikifanywa haraka, kabla dawa haijafika, picha inadanganya, na pesa ni zilezile. Ongeza juu yake mionzi inayopita kwenye nyonga za mwanamke kijana, na dawa ya rangi inayohitaji uangalifu kwa mwenye figo mbovu.

Mama yule alikatazwa hata kunyonyesha siku mbili baada ya skaneri. Mtoto akapewa maji ya sukari. Katazo hilo halikuwa na haja, kwani dawa ya rangi inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno, na wataalamu wa picha wanakubali mama aendelee kunyonyesha. Lakini hiyo ni hasira nyingine.

Kuna madaktari wanaojitetea, na inafaa wasikilizwe, kwani si wote ni wabaya na wengi wanafanya kazi bila mshahara. Wa kwanza anasema: ekografi inategemea mkono wa anayeishika, mkono mbovu, jibu bovu. Ni kweli. Dawa ya mkono mbovu ni kuufundisha. Kubonyeza sehemu mbili ni jambo ambalo daktari wa zamu ya haraka anajifunza kwa muda mfupi, si miaka. Mashine nyingi za hapa zimefungwa kichwa cha tumbo, na kile cha mishipa ya karibu na ngozi ni kingine. Hilo nalo ni kweli, na linaponyeshwa kwa kununua kichwa kimoja, ambacho ni kitu kidogo mno mbele ya bei ya skaneri nzima. Hata kichwa cha tumbo, kwa mshipa mkubwa wa kinena, si bure kabisa.

Wa pili anasema: heparini bila uhakika ni hatari, mama aliyepasuliwa juzi anaweza kumwaga damu. Huyu ana neno zito kuliko wote. Heparini si maji. Ndiyo sababu haifai kununuliwa farmasini na kujichoma nyumbani kwa ushauri wa jirani. Lakini uhakika hauna mlango mmoja. Kuna alama ambazo daktari Wells na wenzake wa Kanada waliziweka, zinazohesabiwa kando ya kitanda: je, mgonjwa amelala siku 3 au zaidi, au amepasuliwa ndani ya wiki 12? Mguu mzima umevimba? Ndama ya mguu, ukiipima kwa mita, inaupita mguu wa pili kwa zaidi ya sentimita 3? Anaumia ukibonyeza njia ya mshipa wa ndani? Ana kansa, au mguu ulifungwa plasta? Ama kuna ugonjwa mwingine unaoeleza uvimbe huo vizuri zaidi, kama jipu, kama maambukizi ya ngozi? Alama hizo hazikupimwa kwa wazazi wa jana, na daktari lazima atumie akili yake kwao. Lakini mama aliyepasuliwa siku 9 zilizopita, mguu wa kushoto mzima umevimba ghafula, hakuhitaji hesabu ndefu. Mwongozo wa NICE, kamati ya serikali ya Uingereza, unasema ekografi isipopatikana ndani ya saa 4, mgonjwa anayeshukiwa sana aanzishiwe dawa kwanza, na ekografi ifanywe kabla saa 24 hazijaisha. Saa 4. Si siku 6.

Wa tatu hasemi kwa sauti. Mitaani watu wanasema kwamba anayetuma mgonjwa kwenye mashine anarudishiwa kitu. Huenda ni kweli kwingine, huenda ni uchungu wa watu waliouza mabati yao. Daktari anayetaka kuua uvumi huo ana njia nyepesi: aandike kwenye karatasi kwa nini anataka skaneri na si ekografi, na skaneri hiyo itabadilisha nini katika matunzo. Kama haitabadilisha kitu, asiiandike.

Lakini lawama zote zikimwagiwa madaktari, wengine watacheka pembeni. Mashirika yanayokuja na magari meupe yanajua kuhesabu walioharisha, walioumizwa kwa risasi, watoto wenye utapiamlo. Ni sawa, na hayo yanaua kweli. Flebiti haina safu kwenye karatasi zao nyingi za ripoti, kwa hiyo haionekani, kwa hiyo haiombewi dawa. Heparini na enoksaparini, ile ambayo farmasi za Goma zinaijua kwa jina la Lovenox, ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Tangu 2019 orodha hiyo imeongeza pia vidonge vipya vya aina ya rivaroksabani, ambavyo havihitaji kupima damu kila mara, ijapo havifai kwa anayenyonyesha. Dawa ya lazima maana yake isikosekane. Na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwaka 2025, kila kinachohitaji baridi na haraka kilianza kufika kwa mzunguko, kwa bei ya mzunguko. Wanaoushika mji na wale walioko Kinshasa wanagombana kuhusu nani afungue nini. Donge la damu haliulizi.

Serikali ilianzisha uzazi bila malipo mwaka 2023, na hilo ni jambo jema. Lakini wanaohesabu vifo vya wazazi wana mazoea ya kufunga kitabu mama akitoka hospitalini akitembea. Huyu anayekufa wiki ya tatu, nyumbani kwa watu, pumzi imekatika, hahesabiwi na mtu.

Na jamaa nazo zina kosa lao, lisifichwe kwa sababu ya huruma. Mguu uliovimba ghafula haukandwi. Kukanda ni kusukuma donge. Haufungwi kamba, hauchanjwi wembe, hauwekewi dawa ya majani kwenye vidonda vya wembe huo. Wachungaji wanaoweka wagonjwa hawa chumbani kwa maombi ya siku tatu bila kuwapeleka hospitali, wakisema ni shambulio la adui, wamezika wengi, na ibada zinaendelea. Kutapisha kwa ajili ya karuho kunamkausha mtu maji mwilini, na mwili uliokauka maji unagandisha damu upesi zaidi. Aliyetapishwa akafa, watu husema walichelewa kumtapisha.

Kitu ambacho jamaa inaweza kufanya kinajulikana. Mguu mmoja ukivimba ghafula kupita wa pili, hasa kwa aliyezaa, aliyepasuliwa, aliyelala muda mrefu au aliyefungwa plasta, ni siku ileile, si kesho. Akianza kuhema, kifua kumchoma, kuzirai au kutema damu, ni saa ileile. Na mbele ya daktari, kwa heshima, jamaa ina haki ya kuuliza: «Docta, ekografi haiwezi kutosha? Na dawa, haiwezi kuanza tukiwa tunatafuta pesa?» Kuuliza hivyo si kumtukana mtu. Ekografi ikitoka safi lakini mguu unazidi, wiki isipite bila kurudi irudiwe, kwani donge dogo la chini ya goti linaweza kupanda. Wareko wanaopita nyumba kwa nyumba na habari za chanjo na kipindupindu wanaweza kuongeza maneno hayo machache. Hayahitaji semina ya hoteli.

Kwa upande wa wenye hospitali, kinachodaiwa si mbingu. Kila hospitali inayopasua wazazi inayo, au inapaswa kuwa nayo, ekografi. Mashine hiyo isikae imefungiwa ofisini saa za jioni mpaka mwenye ufunguo arudi kesho. Mtu mmoja kwa kila zamu afundishwe kubonyeza kinena na nyuma ya goti. Sindano chache za heparini ziwekwe kwenye kabati ya dharura, zitolewe kwanza, zilipwe baadaye, kama inavyofanywa kwa damu ya kuongezewa. Aliyelala kwa mvunjiko wa paja achunguzwe kila siku miguu yote miwili, blanketi likiwa limeondolewa, si kuulizwa tu kama amelala vizuri. Na ofisi za zoni za afya ziongeze safu moja kwenye ripoti ya mwezi: mguu kuvimba ghafula, ekografi imefanywa au haikufanywa, dawa imeanza siku gani. Safu hiyo ingetosha kuonyesha baada ya miezi mitatu ni nani anatunza na ni nani anatuma watu kuuza mabati.

Jambo moja linabaki, ambalo skaneri na ekografi zote haziliponyeshi: muda wa dawa. Donge likipatikana, dawa si ya wiki moja. Ni miezi 3 kwa uchache. Kwa anayenyonyesha, ni sindano za heparini au vidonge vya warfarini vinavyohitaji kupimwa damu mara kwa mara. Vyote viwili vinamfaa na mtoto wake. Nani anamfuata mkimbizi wa ndani miezi 3, ambaye leo yuko Goma na kesho ameambiwa arudi Masisi, kule ambako labo ya kupima damu hiyo haiko karibu? Wengi wanaacha mguu ukipungua, wakidhani wamepona. Donge linarudi.

Mama yule amemaliza mwezi wa kwanza. Mguu umepungua, ila jioni bado unavimba kwenye kifundo, na akipanda ngazi za kanisa anasimama mara mbili kupumua. Bahasha ya picha iko chini ya godoro, ili mvua isiiharibu. Pesa ya mwezi wa pili bado inatafutwa.